Siku Ishirini na Moja na Picha Moja Ukutani

Hakuwa na lenzi ya pili. Hakuwa na kompyuta, wala meza ya kuiwekea kama angekuwa nayo. Hakuwa na mkoba wa kamera. Aliibeba ndani ya foronya kuukuu ya hospitali, iliyofutwa kwenye daftari la vifaa kwa sababu ya tundu. Hakuwa na cheti zaidi ya kile cha shule ya msingi, nacho kilinyeshewa mvua kikabaki na muhuri tu. Hakuwa na mke, hakuwahi kuwa naye, na akiulizwa husema wakati huo ulipita yeye akiwa zamu. Na hakuwa na mtu wa kumwuliza kama picha yake imenyooka au imelala upande.

Alichokuwa nacho ni kazi, nyumba ya vyumba viwili, na jicho linaloona mkunjo kwenye shuka akiwa hatua kumi.

Saa moja na robo asubuhi, katika chumba cha kufulia cha hospitali, joto limekwishafika nyuzi thelathini na nane. Mashine tatu za kukamulia zinanguruma. Yeye amesimama kwenye pasi kubwa ya mvuke, mguu wa kulia kwenye kanyagio, mikono ikivuta shuka kama mtu anayenyoosha ramani. Kwa zamu moja shuka mia tatu na arobaini hupita mikononi mwake, bila kuhesabu foronya na magauni ya wagonjwa. Ana miaka hamsini na minane. Thelathini na mmoja kati ya hiyo ameimalizia hapa.

Wenzake humwita Mvuke. Si kwa sababu ya kazi, maana kwa kazi wote wangestahili jina hilo. Ni kwa sababu, wanavyosema, huingia na kutoka bila kugonga kitu.

Upande wa pili wa meza anakunja mwanamke mmoja ambaye kwa umri angeweza kuwa binti yake. Wamefanya kazi pamoja miaka sita. Asubuhi hii anamtazama kwa chini, halafu anasema:

"Baba, shuka hiyo ni mara ya tatu unairudia. Imekukosea nini?"

"Haijanikosea."

"Basi iache ikalaze wagonjwa. Mawazo ya mtu mmoja yasije yakatuunguzia mali ya serikali."

Wanawake wa kwenye mashine wanacheka. Mvuke hacheki. Anaigeuza ile shuka, anaipitisha mara ya nne, kisha anaiachia.

Sababu anaijua mwenyewe. Nyumbani kwake, juu ya meza ya kulia, kuna picha imetundikwa ukutani. Leo ni siku yake ya kumi na nane. Zimebaki tatu, na ndani ya siku hizo anatakiwa kuiandikia barua.

Mambo haya yanahitaji kuelezwa tangu mwanzo.

Miaka saba iliyopita mhudumu mmoja wa wodi alikuwa anahama kikazi, akawa anauza vitu vyake. Miongoni mwa vitu hivyo kulikuwa na kamera yenye kioo kilichopasuka kona. Mvuke aliinunua kwa fedha ambazo yeye huzipata kwa kusimama kwenye pasi siku kumi na moja. Hakujua kuitumia. Alikopa maktaba kitabu cha maelekezo, akakisoma jikoni kwa wino na karatasi, akinakili kurasa nzima, kwa kuwa aliona haya kukirudisha kabla hakijamwingia.

Siku aliyokirudisha aliona tangazo mlangoni: "Tunakosoana picha. Njoo na moja. Chai ipo."

"Nililisoma mara tatu," anasema. "Wangeandika tunafundishana, nisingeingia. Kila mtu anapenda kufundisha. Lakini nilipoona tunakosoana, nikasema hawa ni watu wazima."

Kikundi hicho hukutana Jumamosi katika chumba cha nyuma cha maktaba. Kina watu kumi na wanne na hakuna hata mmoja anayekula kwa kamera. Yupo fundi viatu, yupo mwalimu wa hesabu, yupo mlinzi wa ghala, wapo dada wawili wanaouza vitambaa. Katibu ni mkunga mstaafu mwenye miaka sabini na mmoja, na wote humwita Mama Mkunga, hata fundi viatu aliyemzidi umri.

Utaratibu wao ni wa peke yake. Kila mmoja huleta picha moja iliyosafishwa, ndani ya bahasha ya kaki, bila jina. Bahasha hugawanywa kwa kura. Uliyoipata unaipeleka nyumbani kwako, unaitundika mahali unapokula, na unakaa nayo siku ishirini na moja. Siku hizo zikiisha unamwandikia mwenyewe barua ya maoni. Humjui, naye hakujui. Barua unaituma kwa posta kwenye sanduku la katibu, na ni katibu peke yake anayejua iende kwa nani.

Ndani ya barua maneno mawili yamepigwa marufuku: nzuri na mbaya. Aliyeandika nzuri hufagia chumba Jumamosi inayofuata. Aliyeandika mbaya hufagia na kuosha vikombe. Mwishoni mwa barua huandikwa neno moja kati ya mawili, itundikwe au isitundikwe, kwa kuwa mara moja kwa mwaka kikundi hufanya maonyesho, na picha iliyokataliwa na mtu aliyekaa nayo haiendi.

Kwa nini siku zote hizo? Mama Mkunga anaeleza kwamba wiki ya kwanza mtu hutaja anavyojua kuvitaja: mwanga, kivuli, mstari. Wiki ya pili huchoka. "Wiki ya tatu ndipo anaona," anasema, "maana hana tena la kujionyesha." Na posta je, ilhali wote wanaishi mji mmoja? Anasema aliona mapema kwamba mtu akikabidhi barua kwa mkono huanza kuomba radhi kabla haijafunguliwa.

Mvuke ana barua thelathini na tisa. Amezitunza katika mkebe wa biskuti, zimepangwa kwa tarehe. Ukiacha karatasi za maji na umeme, hakuna barua nyingine inayoingia nyumbani kwake.

Anayoikumbuka kuliko zote ilikuja mwaka wa kwanza. Mwandishi wake, ambaye mpaka leo hamjui, alisema kwamba picha ile, ya ukumbi wa hospitali, ilionekana kupigwa na mtu aliyesimama mlangoni, hajakaribishwa wala hajabisha hodi.

"Nilikasirika mwezi mzima," anasema. "Nilikosa Jumamosi mbili. Nilitaka nimjue nikamwulize, nani kakutuma unijue mimi?"

Hasira ilipopoa alifanya jambo ambalo wengi wetu hatulifanyi. Alizitoa picha zake zote, mia mbili na kumi na mbili, akazipanga sakafuni chumba hadi chumba. Akazipitia kwa magoti. Hakupata hata moja ambayo ndani yake mtu anamtazama. Zilikuwa migongo, milango, mabomba, madirisha.

Jumatatu yake alimwomba yule mwanamke anayekunja ampige picha ya mikono.

"Mikono tu?" mwanamke akamjibu. "Na uso nimeuazima?"

Akampiga picha ya uso. Picha hiyo ilitundikwa katika maonyesho ya mwaka wa pili, na mwenye uso alileta watoto wake wote wakaione.

Hivyo ndivyo Mvuke alivyojifunza kupokea. Kutoa kulimwia rahisi zaidi. Jicho lile lile la shuka alilihamishia kwenye picha za wenzake. Anaona nywele moja iliyokatwa na ukingo, anaona nguzo inayoota kichwani mwa bibi harusi, anaona kivuli cha mpigapicha mwenyewe kwenye kiatu cha mtu. Barua zake hazina jina lakini zinajulikana, kwani hukunjwa mara tatu pembe kwa pembe, kama kitambaa cha mezani. Mwalimu wa hesabu anasema akiiona bahasha ya namna hiyo hutafuta kwanza kiti.

Na kuna jambo ambalo Mvuke amelishikilia miaka yote. Picha ya mtu ambaye hakuulizwa, kwake yeye, ni picha ya wizi. Mwaka juzi aliandika isitundikwe kwa picha ya mzee aliyelala kwenye benchi la kusubiria basi. Aliandika kwamba mwenye uso ndiye mwenye ruhusa, na mzee yule alikuwa usingizini. Wengi kikundini waliipenda ile picha. Haikutundikwa.

Sasa turudi kwenye picha ya safari hii.

Aliifungua Jumamosi ile ile ya kura, alasiri, mezani kwake, chai ikiwa mbele yake. Anasema alianza kama anavyoanza siku zote, kwa kuangalia pembe nne. Ni ua wa nyuma ya chumba chenye boila, mtambo wa kuchemshia maji, mchana. Shuka zimeanikwa kulia na kushoto, jua limezipiga. Katikati, mvuke wa bomba umefunika nusu ya uso wa mwanamume mwenye kofia, aliyeketi juu ya kreti la soda lililogeuzwa. Kipande cha mkate kimelala gotini. Mkono mmoja uko hewani, mdomo uko wazi, kichwa kimeinama kidogo upande, kama mtu aliyefika mahali patamu pa hadithi. Kando yake kuna kreti la pili. Juu yake limetandikwa gazeti, na juu ya gazeti kuna kikombe kilichojaa. Ukingo wa picha umelikata kreti hilo katikati. Hakuna mtu juu yake.

"Nikasema, maskini bwana huyu, anaongea na nani?" anasimulia. "Ua wenyewe sikuutambua, kwani sijawahi kuutazama kutoka upande ule. Nikamsikitikia. Nilimsikitikia kwa muda wa chai nusu kikombe. Halafu nikaona kidole gumba."

Kidole gumba cha mkono wa kulia wa Mvuke mwenyewe kina kovu la pasi, jeupe, lenye umbo la kucha ya pili. Alilipata mwaka wa pili wa kazi.

Kuna kaka. Alimzidi Mvuke miaka minne, na alikuwa fundi wa boila katika hospitali hiyo hiyo. Ndugu hao wawili waliishi katika vyumba vile viwili, na kwa miaka ishirini na miwili walikula chakula cha mchana katika ua ule, juu ya makreti yale, kaka akisikiliza na mdogo akisimulia. Kazini Mvuke hakuwa msemaji kwa sababu maneno aliyaweka mpaka saa saba.

Miaka mitatu iliyopita magoti ya kaka yalikataa ngazi za boila. Alistaafu, na mwanawe akaja kumchukua, kwa nia njema kabisa, wakaenda kuishi mwendo wa siku mbili kwa basi. Walikuwa wakipigiana simu kila Jumapili. Sasa masikio ya kaka nayo yamechoka.

"Namwuliza, kaka, umekula nini leo? Ananijibu, ndiyo, ndiyo." Mvuke anatabasamu kidogo. "Namwuliza, kaka, unanisikia? Ananiambia, mbili tu, zinanitosha."

Tangu kaka aondoke Mvuke aliendelea kuketi uani. Alijua kwamba hutandika gazeti kwenye kreti la pili, na alijua kwamba humimina chai vikombe viwili. Alidhani ni mkono tu umezoea. Kwamba alikuwa anasema, tena kwa sauti, tena kwa mkono hewani, hilo hakulijua mpaka alipoonyeshwa.

Jumatatu iliyofuata alijaribu kujisikiliza. Aliketi uani akafunga mdomo. Anasema alifika dakika kama kumi, kisha akajikuta akisema, "unaona, lile toroli la wodi ya wazazi bado linalia gurudumu." Akanyamaza. Akamwaga vikombe vyote viwili. Tangu Jumanne yake, mtu huyu anayesimama saa nane kwa siku amekuwa akila mkate wake ndani, amesimama, amegeukia ukuta.

Uzito wa jambo lenyewe uko hapa. Maonyesho ya mwaka huu hayafanyiki maktaba. Ukumbi wa maktaba unatengenezwa paa, na uongozi wa hospitali umekubali kutoa ukumbi mrefu wa wagonjwa wa nje. Picha ikitundikwa, itatundikwa hatua themanini kutoka kwenye pasi yake. Wafuaji, wauguzi, walinzi, madaktari, kila anayepita atamwona Mvuke akikiongelesha kikombe. Asipoitaka, anaandika neno moja, na hakuna atakayejua kwa nini.

Alasiri ya siku hiyo ya kumi na nane, baada ya zamu, anamkaribisha mwandishi wa makala haya nyumbani. Chumba cha kwanza kina meza, viti viwili, jiko la gesi na picha. Chumba cha pili kina vitanda viwili. Cha kaka kimetandikwa shuka iliyopigwa pasi, haina mkunjo. Anasema huibadilisha kila wiki mbili kwa sababu ya vumbi.

Anatoa barua aliyokwisha kuiandika. Ina kurasa mbili. Anaisoma kwa sauti ya mtu anayesoma ripoti: weupe umeungua upande wa kushoto, mstari wa kamba umelala nyuzi mbili, mvuke umeficha jicho moja, kreti limekatwa ovyo, na zaidi ya yote mtu aliye pichani hakuulizwa. Isitundikwe.

Anaiweka mezani, anaikunja mara tatu, pembe kwa pembe.

"Hakuna neno la uongo humu," anasema. "Lakini mtu akiisoma hatajua kwamba niliiona."

Hakuipeleka. Siku ya kumi na tisa aliichukua picha yenyewe, akaenda nayo kwa Mama Mkunga.

Mama Mkunga alikuwa sebuleni, majalada ya kikundi yamepangwa juu ya cherehani. Alivaa miwani, akaishika picha karibu na dirisha, akaitazama muda mrefu. Mwanzoni hakuelewa kwa nini ameletewa. Mvuke akaweka kidole gumba chake juu ya kidole gumba cha pichani, kisha akaichukua.

"Ndugu yangu," alisema mama huyo taratibu, "kura haina macho. Ningejua nisingekuachia. Nirudishie hii, nikupe nyingine, na siku zako zianze upya."

Mvuke alimwuliza ni nani aliyepiga. Akajibiwa kwamba katika miaka kumi na mmoja ya ukatibu hajataja jina hata moja, na siku atakayotaja, kikundi kitakuwa kimekwisha. Akauliza kama basi mtu huyo alikusudia kumcheka. Mama Mkunga akavua miwani.

"Nitakwambia moja, na hili nalo nisingesema. Barua zako zimemwangukia mtu huyo mara mbili. Mara zote mbili alikuja akalia hapo hapo ulipokaa."

"Nilimwonea?"

"Hukumwonea. Uliyoyaandika yalikuwa yenyewe. Alilia kwa sababu barua zako hazina mtu ndani yake. Mwanadamu anakubali kukosolewa, lakini anataka akosolewe na mwanadamu. Zako zinakuja kama zimetoka kwenye mashine."

Mama Mkunga alinyoosha tena mkono kuipokea picha. Anasema alikaa hivyo, mkono mbele, mpaka akaona aibu ya mkono wake mwenyewe, maana mgeni wake aliinuka, akaaga kwa heshima zote, akatoka na picha yake kwapani.

Siku ya ishirini, Ijumaa, saa saba mchana, Mvuke anatoka kwenda uani.

Makreti yapo palepale. Anaketi. Hatandiki gazeti. Anamimina kikombe kimoja. Anakula mkate wake mdomo ukiwa na kazi hiyo moja tu, na macho yake yako kwenye kamba, ambako shuka hazina upepo.

Yule mwanamke anayekunja anatokea na toroli. Anamwona, anageuza toroli kuelekea njia ya upande wa pili, ndefu zaidi, iliyozunguka tangi la maji. Kisha anasita, anarudi.

"Umerudi, baba. Tulidhani umehamia ndani moja kwa moja."

Mvuke anamwuliza kama walikuwa wanajua kwamba anaongea peke yake.

Mwanamke anashika mpini wa toroli kwa mikono miwili. Hana utani leo.

"Tulijua," anasema. "Tangu kaka aondoke."

"Nani mlijua?"

"Wote, baba."

"Mbona hamkuniambia?"

"Tungekuambiaje? Tulikubaliana tusipite hapa saa saba. Tunazunguka kule kwenye tangi, ili tusikukatishe."

Miaka mitatu watu wazima, wenye magunia ya shuka mbichi, wamekuwa wakizunguka tangi la maji kwa ajili ya kumhurumia, na huruma yao ikamwacha pale alipokuwa. Mwanamke anaomba radhi, anasema walidhani wanafanya wema. Mvuke anamwambia ni wema, asiwe na wasiwasi, aende shuka zisikauke kwenye toroli. Anaenda. Kwa mara ya kwanza anapita njia ya uani.

"Watu kama arobaini walijua," Mvuke anasema baadaye, akisuuza kikombe. "Mmoja tu ndiye aliyeniambia. Na huyo alinipiga picha bila kuniuliza. Ukitaka nimchukie, unianzishie wewe."

Jumamosi asubuhi, siku ya ishirini na moja, anaandika barua nyingine. Anaiandika kwa kalamu ya wino, polepole, mgongo umenyooka, akiwa ameketi kwenye kiti ambacho zamani kilikuwa cha kaka, kwa kuwa ndicho kinachotazamana na picha. Anafuta mara mbili tu. Ameruhusu ichapishwe hapa yote.

"Mpendwa Mpigapicha,

"Picha yako imekaa juu ya meza yangu siku ishirini na moja. Weupe wa shuka za kushoto umeungua. Ungesubiri wingu kwa dakika chache ungepata nyuzi zake. Hilo ni dogo.

"Kubwa ni ukingo wa kushoto. Umelikata kreti la pili katikati, nadhani kwa kuona haya. Rudi kwenye picha yako nzima, uliachie kreti hilo nafasi yake yote, na ukuta kidogo baada yake. Anayetazama anapaswa kuona bila shaka kwamba pale hapajakaa mtu.

"Nimewahi kuandika katika kikundi hiki kwamba kumpiga picha mtu asiyejua ni wizi. Bado naamini hivyo. Lakini ungeniuliza ningekataa, na ningekataa nisingejua. Mambo haya mawili nimeshindwa kuyapatanisha, nayaacha hapa yote mawili.

"Nimeambiwa kwamba barua zangu mbili ziliwahi kukufikia na zilikuumiza. Niliyosema kuhusu picha siyafuti. Nisamehe kwa kuwa sikusema ni nani aliyekuwa anakutazama. Ni mtu anayepiga pasi, anayekula peke yake, na picha zako alikaa nazo kama mgeni aliyekuja kumtembelea.

"Mtu aliye katika hii ni mimi. Ruhusa natoa. Itundikwe.

"Nakuomba nakala moja. Mwezi wa likizo yangu nataka kuipeleka mwenyewe kwa kaka yangu, ambaye simu haisikii tena lakini macho yake ni mazima. Ataona kwamba bado namsimulia.

"Saa saba mchana huwa niko pale, Jumatatu hadi Ijumaa. Ukija, siku ya kwanza usilete kamera. Kreti ni imara. Lilimbeba kaka miaka ishirini na miwili, na alikuwa mtu mzito."

Hakuweka jina, kwa sababu kanuni ya kikundi hairuhusu. Anaisoma mara moja kwa midomo isiyotoa sauti. Safari hii anaikunja mara moja tu, katikati, ili iingie. Analamba gundi, anaikandamiza bahasha mezani kwa kiganja, anahesabu mpaka kumi.

Posta ni mwendo wa robo saa kwa miguu. Jumamosi barua huchukuliwa saa sita, na saa yake inasema ni tano na nusu. Mbele ya sanduku anaitazama anwani mara ya mwisho, anaiingiza mpaka vidole navyo vimeingia, kisha anaiachia.